Dini ya Mwenzako Darasani: Mwisenge, Tabora na Miaka Tisa ya Kambarage

Mada ya leo ni ya shule na dini, au kwa usahihi zaidi, ni ya mtoto anayetoka nyumbani kwao na dini moja, akafika shuleni na kukuta kwamba mwenzake wa dawati moja anaomba kwa namna nyingine, anafunga siku nyingine na anakataa chakula ambacho yeye anakila bila wasiwasi. Je, mtoto huyo hupungukiwa na kitu, au huongezewa?

Kabla ya kujibu, inafaa maana ya maneno iwekwe wazi. Kukutana na dini nyingine, kwa jinsi inavyozungumzwa hapa, si lazima kuwe kuhama dini. Ni kuiona dini hiyo kwa karibu katika mwili wa mtu anayefahamika, kumwona anavyotawadha, anavyopiga magoti, anavyoomboleza na anavyokula, badala ya kuisikia tu kwa wakubwa wanaoisimulia kwa mbali. Tofauti hiyo kati ya kuona na kusimuliwa itarudiwa mara kadhaa leo, kwa sababu ndiyo nguzo ya mazungumzo yenyewe.

Mfano hauna haja ya kutafutwa mbali na mkoa wa Mara. Upo Butiama, katika maisha ya mtoto aliyezaliwa mwaka 1922 katika nyumba ya Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua, kwa sababu mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo. Jina na nyumba hiyo vinatosha kumwonyesha msikilizaji kwamba mtoto huyu hakwenda shuleni akiwa mtupu. Alikuwa na dini. Dini hiyo haikuwa na kitabu wala siku maalumu ya wiki, lakini ilikuwa na mizimu ya wahenga, ambayo katika lugha za Mara hutajwa kwa majina yenye asili moja na neno misambwa, ilikuwa na waganga wa mvua, na ilikuwa na mahali pake patakatifu, kama msitu mdogo wa Muhunda ulioko Butiama, ambao hadi leo wenyeji wanauheshimu na ambako mtu hakati mti ovyo. Watu wengi wanaposimulia habari za mtoto huyu, yaani Mwalimu Nyerere wa baadaye, na dini huanzia kwenye ubatizo, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na ukurasa mweupe, na hilo ni kosa ambalo mazungumzo haya hayataki kulirudia.

Mwaka 1934 Kambarage, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alipelekwa katika shule ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma. Butiama husimuliwa kwamba aliyemshawishi mtemi amsomeshe kijana huyo ni rafiki yake, Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, aliyevutiwa na akili ya mtoto katika mchezo wa bao, na jina la mtemi huyo linatosha kuonyesha kwamba Uislamu ulikwishafika katika nyumba za watawala wa pande hizo. Kwa hiyo hata mlango wa shule, ikiwa simulizi hilo litafuatwa, ulifunguliwa na mkono wa mtu wa jina la dini nyingine.

Mwisenge ilikuwa shule ya namna gani? Hapa msikilizaji anaombwa asikilize kwa makini, maana jambo hili mara nyingi hupitwa haraka. Mwisenge haikuwa shule ya misheni. Ilikuwa shule ya utawala wa wenyeji, yaani shule iliyowekwa na serikali ya kikoloni chini ya mfumo wa watemi, na mtoto aliingia humo bila kuulizwa kwanza kama amebatizwa au kama yuko tayari kubatizwa. Misheni zilikuwepo, tena nyingi, zikiuzunguka mji kila upande. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walikuwa Nyegina tangu mwaka 1911. Waadventista Wasabato walikuwa wameingia upande wa Majita tangu enzi za Wajerumani. Mwaka huohuo wa 1934, mtoto wa Butiama alipokuwa akijifunza kushika kalamu, Wamennonite kutoka Marekani walikuwa wakifungua kituo chao cha kwanza huko Shirati. Mjini Musoma kwenyewe walikuwepo Waislamu, wafanyabiashara na watumishi, ambao kwao Kiswahili na Uislamu vilikuwa vimekuja katika mzigo mmoja.

Ndani ya mazingira hayo Kambarage alianza kuhudhuria mafundisho ya dini ya Kikatoliki yaliyotolewa na mapadri wa Nyegina. Hakulazimishwa. Nafasi yake darasani haikutegemea jambo hilo, chakula chake bwenini hakikutegemea jambo hilo, na baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, hakuwa amemtuma afanye hivyo. Alikwenda kwa sababu alitaka kujua. Hapo ndipo ulipo uzito wa mfano huu: mtoto aliikuta dini ngeni mahali ambapo hakudaiwa chochote kwa kuisikiliza, wala hakuadhibiwa kwa kuiacha.

Je, ilimchukua muda gani kuamua? Miaka tisa. Aliingia shule mwaka 1934, akaenda Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, baba yake akafariki mwaka 1942, yeye mwenyewe akaingia Chuo cha Makerere nchini Uganda mwaka 1943, na tarehe 23 Desemba ya mwaka huo, akiwa kijana wa miaka 21, ndipo alipobatizwa kwa jina la Julius. Miaka tisa, msikilizaji. Hapa inafaa itajwe kwamba Wamisionari wa Afrika wenyewe hawakuwa watu wa haraka katika jambo hili, kwani mwasisi wao, Kadinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu apitie miaka minne ya ukatekumeni kabla ya kubatizwa, na ukatekumeni maana yake ni kipindi cha mtu kufundishwa, kujipima na kupimwa. Lakini kijana wa Butiama alizidisha miaka hiyo maradufu na kitu juu yake. Katika muda huo alisoma, alibishana na wenzake, alirudi nyumbani likizo na kuishi katika mji wa mtemi mwenye wake wengi, akarudi tena shuleni. Dini mbili zilikaa ndani ya kichwa kimoja kwa muda mrefu, na kichwa hicho hakikupasuka.

Tabora iliongeza kitu ambacho Mwisenge haikuweza kukitoa kwa wingi. Shule ile iliwakusanya vijana kutoka kila pembe ya Tanganyika, wana wa watemi na wana wa watu wa kawaida, Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu, na wengine ambao bado walikuwa katika dini za jadi. Kijana wa Mara ambaye nyumbani alimjua Mwislamu kama mwenye duka alimkuta sasa ni mpinzani wake katika hesabu na mwenzake wa bweni. Matunda yake yalionekana Makerere, ambako Nyerere, akiwa Mkatoliki mpya mwenye ari kubwa, alishirikiana na Andrew Tibandebage, Mkatoliki mwenzake, na Hamza Mwapachu, Mwislamu kutoka Tanga, kuunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika kilichojulikana kwa kifupi kama TAWA. Ubatizo haukumfungia mlango wa urafiki na Mwapachu. Pengine, na haya ni maoni tu ya mazungumzo haya, ulimfungulia zaidi, kwa sababu mtu aliyechagua dini yake baada ya kuipima hana hofu kubwa ya dini ya mwenzake.

Sasa msikilizaji anaweza kuuliza: je, watoto wote wa wakati ule walipata bahati hiyo ya kukutana na dini nyingine bila kudaiwa kitu? La, hasha. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyekuwa na mtoto mwenye akili alijikuta njia panda, ama ampeleke mtoto katika shule ambako huenda angerudi na jina jipya, ama abaki naye na chuo chake cha Kurani peke yake. Wengi walichagua la pili, na pengo la elimu lililotokana na uchaguzi huo liliachwa kwa vizazi vilivyofuata, likawa chanzo cha manung'uniko ambayo hadi leo hayajaisha. Hapo mtoto haikuti dini ya wengine kama mgeni anayekaribishwa kwenye mkeka, anaikuta kama ushuru wa kivuko.

Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, haistahili kusomwa kama karatasi ya utawala peke yake. Kwa sheria hiyo serikali ilichukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku yake na kuzifungua kwa watoto wote bila kujali dini zao. Rais aliyeisimamia alikuwa mtoto yuleyule wa Mwisenge, aliyewahi kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, Tabora, na baadaye katika Chuo cha St. Francis, Pugu, kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa za chama cha TANU. Pugu nayo ikawa shule ya serikali. Mkatoliki aliichukua shule ya Wakatoliki aliyofundisha mwenyewe ili mtoto wa Mwislamu aingie humo akiwa Mwislamu na atoke humo akiwa Mwislamu, kama atakavyo. Wapo walioona ni dhuluma, na wapo wanaosema shule zilishuka ubora, na hoja hizo zina watetezi wake. Lakini kwa upande wa jambo linalojadiliwa leo, sheria ile iliwapa watoto wengi kitu ambacho Mwisenge ilimpa mmoja.

Ni kitu gani hasa? Hapa mazungumzo yatoke katika vitabu na yaingie bwenini.

Katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Mara, wiki haina siku moja ya ibada, ina tatu. Ijumaa mchana wavulana Waislamu wanapiga pasi kanzu zao na kuelekea msikitini, na kama kuna kipindi cha hesabu saa hiyo, mwenzao wa dawati ndiye anayewanakilia maelezo. Ijumaa hiyohiyo jioni, jua likianza kuinamia ziwa, msichana Msabato anafua kwa haraka, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na nguo iliyobaki kwenye beseni itabaki humo hadi Jumamosi jioni. Rafiki yake Mkatoliki, ambaye kesho yake atakuwa na muda wote wa kufua, anaombwa aianike ile iliyobaki, naye anaianika. Jumapili zamu zinageuka. Hakuna somo lililofundishwa hapo, wala hakuna mwalimu aliyesimama mbele, lakini mtoto amejifunza kwamba muda ambao kwake ni wa kawaida, kwa mwenzake ni mtakatifu, na kwamba utakatifu huo una gharama ambayo mwenzake anailipa bila kulalamika.

Chakula ni darasa jingine. Siku kambare anapopikwa, msichana Msabato hagusi mchuzi, kwa kuwa mafundisho ya kanisa lake, yanayofuata kitabu cha Walawi, yanaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba tu, na kambare magamba hana. Mvulana Mwislamu anamla kambare bila shida, lakini nguruwe hamgusi, na hapo yeye na Msabato, ambao hawakuwahi kudhani wana lolote la pamoja, wanajikuta upande mmoja wa meza. Mkatoliki anakula vyote viwili, ila Ijumaa Kuu anaacha nyama na kutafuta samaki, hata huyohuyo kambare. Mwezi wa Ramadhani, wakati wa daku, yaani chakula kinachoandaliwa usiku kwa ajili ya mfungaji, si ajabu anayeamka wa kwanza akawa Mkristo mwenye usingizi mwepesi, akamtikisa mwenzake asije akapitiwa na alfajiri. Na anapopatikana kuku wa sherehe ya kumaliza shule, anaitwa mwanafunzi Mwislamu achinje, ili kila mtu ale. Mwaka 2013 watu wazima wa Kanda ya Ziwa waligombana vikali juu ya nani mwenye haki ya kuchinja, na damu ya binadamu ikamwagika. Watoto wa bweni walikuwa wamekwisha kulimaliza jambo hilo kwa kisu kimoja na sufuria moja.

Hata hivyo, ipo saa moja katika ratiba ya shule ambapo kukutana huku kunakoma, nayo, kwa kinaya kikubwa, ni saa inayoitwa kipindi cha dini. Kengele ikilia, darasa linagawanyika. Wakatoliki wanakwenda kwa katekista wao, Wasabato chini ya mti wao, Wamennonite na Waanglikana chumba chao, Waislamu kwa ustadhi wao. Utaratibu huu una sababu ya msingi, kwani serikali, kwa mujibu wa ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, haipaswi kuendesha shughuli za dini, na mzazi ana haki ya kutaka mtoto wake afundishwe dini ya nyumbani kwao na mtu anayeiamini. Hilo linakubalika. Lakini tazama matokeo yake: watoto walioishi pamoja wiki nzima, wakaanikiana nguo na kuamshana usiku, wanatenganishwa katika saa pekee ambayo wangeweza kuulizana mbele ya mtu mzima kwa nini wanafanya wanayoyafanya. Na yule ambaye nyumbani kwao bado wanaheshimu misambwa anakwenda wapi? Hana katekista, hana ustadhi, hana mti wake. Hufuata kundi lililo karibu, au hubaki kufagia uwanja. Kambarage wa 1934, kama angefika leo, angekuwa miongoni mwa wanaofagia.

Zipo nchi zilizojaribu njia nyingine. Uingereza, kwa sheria yake ya elimu ya mwaka 1988, ilielekeza kwamba mafunzo ya dini katika shule za umma yazingatie Ukristo pamoja na dini nyingine kuu zilizomo nchini, watoto wakiwa katika chumba kimoja. Njia hiyo nayo ina kasoro zake, maana dini inayofundishwa kama jiografia huweza kukauka ikawa orodha ya sikukuu. Haipendekezwi hapa kwamba Musoma iige Uingereza. Kinachopendekezwa ni kidogo zaidi, kwamba mara moja katika muhula ustadhi na katekista waketi mbele ya darasa lisilogawanywa, wanafunzi waulize, na pasiwe na wa kumshinda mwenzake.

Maswali yenyewe hayakosekani, tena mengine yamejificha ndani ya Kiswahili. Chukua neno Mtume. Watoto wawili wameketi dawati moja, mwalimu akalitamka neno hilo, mmoja akamwona Muhammad na mwingine akamwona Paulo, na wote wawili wakaandika daftarini neno lilelile. Chukua sala, sadaka, malaika, shetani, dhambi, roho na neno dini lenyewe: yote yana asili ya Kiarabu, yalikaa katika vinywa vya Waislamu wa pwani kwa karne nyingi, kisha wamisionari wakayakuta na kuyatumia kuhubiri Injili, ambalo pia ni neno lililopitia Kiarabu. Mkristo wa Bunda anaposali kwa Kiswahili anasali kwa maneno aliyoazimwa na jirani yake, na jirani hajawahi kuyadai.

Huenda Mwalimu alilijua hilo kuliko wengi. Tenzi, kama wengi wajuavyo, ni mashairi marefu ya beti za mistari minne mifupi, mistari mitatu ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachounganisha utungo mzima, na mtindo huo ulikuzwa na washairi Waislamu wa pwani. Mmojawapo wa kale unaofahamika, Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728 na mtunzi wake ni Mwengo wa Athumani wa Pate, unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya mfalme wa Wakristo, Herekali. Zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, mtoto wa mtemi wa Wazanaki, aliyepewa jina la mzimu wa mvua na kubatizwa kwa jina la Julius, aliuchukua mtindo huohuo na kuuandikia Injili nne na Matendo ya Mitume, tungo zilizochapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki na kurudishwa Butiama kuzikwa, si mbali na msitu wa Muhunda.

Mazungumzo ya leo yanaishia hapo, wasikilizaji. Anayeishi karibu na Mwisenge na hajapata kuingia, shule ile bado ipo, na watoto wamo ndani.